Dampa Ndani ya Soksi

Kwi.

Kimya.

Kwi.

Sauti ilitoka koridoni, alfajiri, giza bado limeishika nyumba yote. Niliijua kabla sijafumbua macho. Ni mlio wa ngozi bandia ambayo bado ni mpya: mtu akikaa inalalamika, akijisogeza inalalamika tena. Kuna mama anayemjua mwanawe kwa kikohozi. Mimi viti vyangu navijua kwa milio.

Nilipapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa la baridi.

Nikajiinua taratibu hadi mlangoni. Baba Njugu alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, gizani, injini imezimwa, mikono juu ya usukani. Anajisukuma mbele kidogo, kwi. Anarudi nyuma, kwi. Anatulia, kama mtu anayesikiliza. Halafu anaanza tena.

Sikumwita. Nilirudi kitandani nikajifunika gubigubi, macho kodo.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikushike mkono tuingie pamoja. Mimi ni mshonaji wa viti vya pikipiki. Nina mume mmoja na binti mmoja, ambaye tulimwita Njugu kwa udogo wake siku aliyozaliwa, na jina likamganda. Nina pia ile pikipiki nyekundu ya mbio ya mume wangu, inayolala koridoni kwetu kwa sababu ikilala nje, asubuhi huikuti. Majirani wanaiita mke mwenza.

Nimeshawaeleza jinsi kiwanda alichofanyia kazi Baba Njugu kilivyofungwa bila hata kwaheri, na jinsi mvua ilivyoingia kwenye karakana yangu ikaozesha sponji zote. Nimeeleza nilivyotaka kuacha masomo yangu ya jioni ya ushonaji. Halafu mambo yakanyooka kidogo. Maabara moja ikampa mume wangu kazi ya kupeleka vipimo vya wagonjwa mji wa pili kila siku, kwa pikipiki hiyohiyo, kwa sababu ina mbio. Nami, kwa furaha, nikamshonea kiti kipya cha kumshangaza. Kiti hicho kilinifungulia milango. Mwalimu wa jioni alikisifu mbele ya darasa zima. Wateja wakaanza kunifuata wakitaka kama kile.

Basi nikadhani tumetoka shimoni. Ndipo mume wangu alipoanza kubadilika. Hali akashiba. Akikaa, mguu unapiga sakafu wenyewe. Ukimuuliza, jibu ni moja: uchovu tu.

Na sasa hii ya kukaa juu ya pikipiki gizani.

Kulipopambazuka alienda kuoga. Mimi nilikuwa natafuta sweta la Njugu juu ya kabati, mkono ukagusa soksi. Soksi nyeusi ya kiume, moja, imefungwa fundo. Nilipoishika ilikuwa nzito, ina kitu kigumu ndani.

Sitaki kuwaficha. Mwanamke anayeamka na kukuta shuka baridi, kisha akakuta soksi ina siri ndani, akili yake haiendi mahali pazuri. Nilifikiria chupa. Nilifikiria silaha. Nilifikiria zawadi ya mwanamke mwingine, ingawa sijui ni mwanamke gani anayezawadiwa ndani ya soksi.

Nikafungua fundo.

Kikatoka kibomba cha chuma, chembamba, kinang'aa, kina fimbo inayoingia na kutoka. Nikaisukuma. Ikaingia polepole, kwa kujivuta, kama inapita kwenye asali. Nikaivuta. Ikatoka kwa mwendo uleule wa kiburi. Njugu, aliyekuwa kitandani na nguo ya ndani tu, akasema naye anataka kuvuta.

Tulikuwa tunavuta kwa zamu mlango ulipofunguka, na Baba Njugu akasimama pale na taulo lake, maji yanamdondoka.

Nikamwuliza ni nini.

"Dampa," akasema.

"Dampa ya nini?"

"Ya usukani."

Akaanza kunieleza haraka haraka, kama muuzaji. Kwamba hicho ni kishokapu kidogo, upande mmoja unafungwa kwenye usukani na upande wa pili kwenye fremu. Ukigeuza usukani kwa utulivu kinakuacha, ila usukani ukitaka kurukaruka wenyewe kinaushika. Kwamba pikipiki za mbio nyingi zinafungwa. Kwamba si kitu cha ajabu.

Nikamwambia, kama si cha ajabu, mbona kimelala kwenye soksi.

Akamtazama mtoto. Akatazama kabati. "Kisikwaruzike," akasema.

Nilikubali kwa kichwa. Kisha nikachukua tochi nikaenda koridoni, nikachuchumaa kando ya kile kiti changu.

Hapa lazima niwaeleze kidogo kuhusu kazi yangu. Kiti kinasema. Mtu mvivu huacha shimo upande mmoja. Mtu mwenye haraka hukwaruza ukingo kwa buti kwa sababu hangoji kuinua mguu vizuri. Mume na mke waliogombana wakipanda pamoja, nafasi kati ya mashimo yao mawili huwa pana. Wateja huniletea viti virekebishwe, wakidhani wameniletea ngozi na sponji tu.

Nikaangaza mshono wa mbele, pale kiti kinapokutana na tangi. Nilishona pale kwa uzi wa nailoni, mara mbili. Umefumuka kulia. Nikazunguka. Umefumuka kushoto pia, palepale.

Nilikaa kwenye sakafu ya baridi. Uzi ule haufumuki kwa kukaliwa. Unafumuka kwa kubanwa na mapaja, kwa nguvu zote alizo nazo mtu. Na mtu haibani pikipiki namna ile akiwa anafurahia safari.

Nilipoinua uso alikuwa amesimama juu yangu.

"Ilikutikisa," nikamwambia.

Akashuka ukutani mpaka akakaa sakafuni kando yangu, na taulo lake, na akanieleza yote. Kwenye ule mteremko unaoshuka darajani, pale lami ilipobanduka, alisikia mbele kumekuwa kwepesi. Halafu usukani ukaanza. Kulia kushoto, kulia kushoto, kwa kasi hata mikono haiwezi kufuata, kama samaki aliyetupwa kwenye ndoo. Lori liko mbele, begi la vipimo liko mgongoni. Alijua amekwisha. Halafu ukatulia wenyewe, kama si ule uliokuwa ukirukaruka. Siku nyingine ukarudia. Na nyingine.

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema hakutaka kunitia presha, nina mitihani. Nikamwuliza kama siku atakayoletwa amefunikwa shuka mitihani yangu itakuwa imeisha.

Alinishika kidole kimoja tu, kile chenye kovu la sindano, akakibana.

"Ifungwe leo," nikasema.

"Leo," akasema.

Na wasomaji wangu, nilifurahi. Naona haya kusema hivyo sasa, lakini nilifurahi. Kumbe hakuna mwanamke. Kumbe ni hofu, na hofu ina dawa yake, imo ndani ya soksi. Nilimpikia uji huku nikiimba. Nikajiona mke mwenye akili: kabla jua halijawa kali kitakuwa kimefungwa, na safari ijayo mume wangu ataupita ule mteremko akipiga mluzi.

Karakana yangu ni chumba kimoja chenye mlango mpana, na inatazamana na uwanja wa fundi wa pikipiki anayeitwa Taratibu. Jina lake halisi nadhani hata mkewe amelisahau. Ukimwambia una haraka, anavuta kigoda anakaa.

Tulifika sote watatu, Njugu amekaa mbele kwenye tangi, baba yake akiendesha mwendo wa harusi. Njugu akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake: kile kiti cha zamani cha pikipiki ya babake, nilichokitoa nilipofunga kipya. Nilikigeuza kigoda chake cha karakanani. Anakaa pale anachezea vipande vya ngozi siku nzima.

Kabla hata Taratibu hajasafisha mikono, tukasikia mngurumo kutoka kona. Nikasema moyoni, huyo ameshafika.

Ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Wenzake wanamwita Mia Mbili. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa sababu anasema pikipiki yake imewahi kufika mwendo huo. Hakuna aliyewahi kushuhudia. Wenzake husema mshale wa mwendo kwenye pikipiki yake ukikaribia huko yeye huwa amekumbuka kitu nyumbani. Kila wakikutana lazima wamkumbushe, na kila wakimkumbusha anacheka kwa sauti kuliko wao wote.

Alikuja kuchukua kiti chake. Alikiona cha kaka yake akakipenda, akaniagiza cha namna hiyohiyo, ila chake akataka kimrudishe nyuma zaidi na kumwinua zaidi. Aonekane, alisema, kama ameketi kwenye kiti cha enzi. Nilikichora upya jioni darasani, nikakishona kwa mkono mwepesi, na kwa kweli kilipendeza. Alikizunguka kama anakagua bibi harusi. Akakifunga mwenyewe palepale, akakikalia, akajitazama kwenye kioo cha dirisha langu.

Akanisifu mpaka nikaona aibu. Akasema wenzake wote leo watataka, wanaenda kwenye ile barabara mpya ambayo bado haijafunguliwa, nijiandae kukodi chumba cha pili.

Ndipo akaona dampa mkononi mwa kaka yake.

"Kaka, unafunga hiyo?" Akalala juu ya tangi kwa kucheka. "Basi mwambie shemeji akushonee na mto. Na kijishimo cha kuwekea meno ya bandia."

Baba Njugu akacheka kidogo. Mdomo ndio uliocheka, macho hayakuwamo.

Nikamwambia Mia Mbili kwamba kaka yake ana mke na mtoto. Akanijibu kwamba na yeye anao, mke ni huyu aliyemkalia. Kisha akachuchumaa mbele ya Njugu, akamnong'oneza kitu sikioni. Njugu akacheka, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama watoto wanavyofanya wakikabidhiwa jambo kubwa. Baba mdogo wake akamgusa pua, akavaa helmeti, akaondoka huku akiinua mkono mmoja hewani, amekaa juu kweli, nyuma kweli, kama mfalme.

Niliona fahari. Nilimsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

Taratibu alikuwa ameshaipokea dampa. Aliivuta, akaisukuma, akainusa. Akaiweka juu ya soksi yake, kwenye benchi.

"Nzuri," akasema. "Siifungi."

Nilidhani anataka kubembelezwa. Nikambembeleza. Akaniambia kwa upole kwamba ataifunga, ila si kabla hajajua inaenda kuzuia nini. Pikipiki hii ilitoka kiwandani bila dampa na ilikwenda sawa kwa muda wote huo. Sasa inatikisika. Kuna kitu kimeitikisa.

"Mama Njugu, mtoto akilia unamziba mdomo?" akaniuliza.

Nikavuta kigoda.

Akaingiza jeki chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia. Akausukuma usukani kwa kidole kimoja. Ukaangukia kushoto, laini. Akausukuma tena. Ukaangukia kulia, laini. Akasema gololi za shingo ni nzima, zingekuwa zimelika usukani ungekwama katikati. Akashika gurudumu akalivuta mbele na nyuma kutafuta mchezo, kama kuna kilicholegea. Hakuna mchezo. Nati imekaza inavyotakiwa. Akalizungusha gurudumu, sote tukalitazama likizunguka, hata Njugu. Halikuyumba hata kidogo. Akapapasa tairi kama anapapasa shavu.

"Nzima," akasema. Na kila aliposema nzima, niliomba akute walau kimoja kibovu. Ungekuwa ugonjwa ningeushukuru. Kinachotisha ni mgonjwa asiye na ugonjwa.

Akamwuliza mume wangu ilianza lini.

"Sikumbuki," akasema Baba Njugu.

Alijibu upesi mno. Mimi naishi na mtu huyu. Ukimwuliza alikula nini jana, hufikiri kwanza.

Taratibu akauliza tena, kuna kitu kilichobadilishwa? Shokapu, tairi, sahani ya breki?

"Hakuna. Fundi, wewe funga tu."

Taratibu alimtazama. Kisha akakitazama kiti. Kisha akanitazama mimi, nusu tu, macho yakakimbilia chini kwenye mafuta yaliyomwagika. Nikaona. Sikuelewa, ila niliona.

Akaishusha pikipiki. "Panda," akamwambia.

Mume wangu akasema hakuna haja. Taratibu alivuta kigoda akakaa, na kama nilivyowaambia, huyo akikaa siku imekwisha. Baba Njugu akapanda.

Mgongo ulisimama wima. Mikono ilinyooka mpaka viwiko vikafunga, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani. Kati ya tumbo lake na tangi ungeweza kuweka sinia.

"Sasa wewe," Taratibu akasema, bila kejeli yoyote, kama anajiuliza mwenyewe, "mbona umekaa kama unangoja chakula?"

Swali lile lilinichoma mimi, si yeye.

Kwa sababu mimi nilijua. Mimi peke yangu pale uwanjani ndiye niliyejua kwa nini amekaa kama anangoja chakula.

Kile kiti kilikuwa cha kumshangaza. Ningempimaje juu ya pikipiki bila yeye kujua? Basi nilimpima nyumbani. Alikuwa mezani, anangoja nimpakulie, nami nikapita nyuma yake na utepe wangu nikijifanya nampima shati. Urefu wa mgongo. Upana wa nyonga. Kutoka kiunoni mpaka gotini. Nikaandika kwenye kiganja. Darasani nikachora kiti cha kumfaa mtu yule, na mwalimu akasema kimemkaa mtu kama kanzu. Kweli kilimkaa. Kilimkaa mtu aliyekaa mezani.

Niliinuka. Nilienda kwa Njugu, nikamwomba anipe kigoda chake mara moja. Akanipa kwa kununa, akakaa chini kwenye vipande vya ngozi. Nilifungua kiti changu kwa mikono yangu. Nilikifunga kile cha zamani kwa mikono yangu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, na hakuna aliyenizuia.

"Panda tena," nikamwambia mume wangu.

Akapanda. Akateleza mbele mwenyewe mpaka mapaja yakakumbatia tangi. Viwiko vikalegea. Kifua kikashuka. Alikuwa yule mume wangu wa zamani, yule aliyekuwa akipita mbele ya darasa letu la jioni akipunguza mwendo ili nimwone.

Taratibu akaanza kueleza, lakini kwangu ilikuwa kama redio ya jirani. Kwamba mtu akirudishwa nyuma, uzito unakaa nyuma, gurudumu la mbele linakanyaga barabara kwa vidole. Kwamba mikono ikinyooka mtu ananing'inia kwenye usukani badala ya kuushika, basi kila shimo linaupiga, naye anaurudishia. Dampa ingeushika kwa siku kadhaa. Ungeendesha ukidhani umepona, ukazidisha mwendo.

Nilimtazama Baba Njugu.

"Ulijua."

Akalikuna tangi kwa ukucha, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza tu."

"Na ukanyamaza."

"Ungeacha kushona," akasema. "Nilikuona siku ile umerudi darasani. Hujawahi kuingia nyumbani hivyo. Hata viatu hukuvua."

Nikamwuliza na kule koridoni gizani, alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anatafuta mahali pa kukaa. Alidhani lazima pawepo, mahali fulani ndani ya kiti kile, ambapo akikaa itakuwa sawa, na hatalazimika kuniambia. Alikuwa anapatafuta kila alfajiri. Akikosa, anaenda kazini.

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbeba.

"Ningekuwa mjane," nikamwambia, "mwenye kiti kizuri."

Taratibu akaanza kutafuta spana kwa bidii kubwa. Alikuwa ameishika mkononi.

Baba Njugu alishuka, akaja akasimama karibu yangu, tukakitazama kile kiti changu kilichokuwa chini. Bado kilipendeza, na ndicho kilichoniuma. Akasema tutakichonga sponji, tutakishusha, safari hii atakaa juu ya pikipiki mwenyewe hata siku nzima nimpime. Akasema dampa arudishiwe aliyemwuzia, haina kazi tena. Nikasema ifungwe, kwa roho yangu tu. Yeye akasema hapana, mimi nikasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tulikuwa tunabishana kama watu wenye kesho. Nilianza hata kucheka.

Kicheko kikaniishia mdomoni.

Kwa sababu ule mchoro niliutumia mara mbili.

Kiti cha pili. Kirudi nyuma zaidi, alisema. Kiinuke zaidi.

Sikuhitaji kusema. Baba Njugu aliniona ninavyotazama ile kona ambako mdogo wake alipotelea, naye akaelewa, rangi ikamtoka. Akachukua simu. Tukaisikia ikiita. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mtu aliyevaa helmeti, upepo masikioni, simu iko ndani ya koti, angesikia nini?

Akavaa helmeti. Akasema anamfuata, barabara mpya haiko mbali, kiti cha zamani kimeshafungwa, atampata. Nikasimama mbele ya gurudumu. Nikamwambia kumpata Mia Mbili ni kukimbia kuliko yeye, na pikipiki hii imempiga mtikisiko sijui mara ngapi, ni nani ameshaijaribu na kiti hicho? Basi afunge dampa kwanza. Taratibu akasema dampa inataka kutengenezewa kishikizo, si kazi ya kufunga na kuondoka.

"Ni mdogo wangu," Baba Njugu akasema.

"Na wewe ni nani?" nikamwuliza.

Ufunguo ulikuwa umeshaingia. Mkono wake ulikuwa juu yake, wangu juu ya wake. Dampa iko pale kwenye benchi, inang'aa juu ya soksi, haina msaada kwa mtu yeyote.

Nikashika tumaini la kwanza lililokuja. Nikamwambia mume wangu atulie, tumfikirie huyu mtu tunayemjua. Mia Mbili ni maneno. Lini aliwahi kukimbia kweli? Atafika kule, atajionyesha, atajipiga picha kwenye kiti chake cha enzi, mshale ukikaribia atakumbuka kitu nyumbani kama siku zote. Mtikisiko hauji kwa mtu anayejipiga picha. Tutaendelea kupiga simu, atapokea, atatucheka.

Nilikuwa naongea, na niliona mabega ya mume wangu yanaanza kushuka. Taratibu naye akaitika kwa kichwa. Hata mimi nilianza kujiamini.

Njugu, pale chini kwenye vipande vya ngozi, aliinua uso akatutazama mmoja mmoja. Akaziba mdomo tena kwa mikono yote miwili, kisha akaitoa.

"Baba mdogo amesema leo atafika mia mbili."